Glasi ya Tisa

Katika ofisi ya Bi Lamya neno mvinyo haliandikwi. Linasemwa, tena kwa sauti ya kawaida, katikati ya chai na biskuti, lakini haliandikwi. Kwenye karatasi zenye nembo ya ofisi kuna tiketi, kuna hoteli, kuna magari, na kuna kitu kinachoitwa ziara za mashamba. Ukitaka kujua mashamba hayo yanalima nini, unaelekezwa dawati la mwisho, lile lililo karibu na jiko. Ninayekaa hapo ni mimi.

Ofisi iko Ghubra, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Kila asubuhi kabla ya simu ya kwanza Bi Lamya hupita na chetezo mkononi akifukiza udi, kuanzia mlangoni hadi kwenye kabati la mafaili, na huinua hata pazia ili moshi upite nyuma yake. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Maskati angali mchanga. Kiswahili chake ni cha nyumbani kwao. Changu ni cha Bukoba kilichopita kwenye chuo cha utalii Arusha. Mwaka wa kwanza alinisahihisha maneno mara nyingi kuliko alivyonifundisha kazi. Nami nilimsahihisha mara mbili. Mara ya tatu nikaacha, kwa sababu yeye ndiye mwenye kutia saini.

Nilikuja hapa na stashahada ya kuongoza watalii. Bataka yangu, yaani kitambulisho cha ukaazi, inasema mimi ni mfanya usafi. Bi Lamya alinieleza siku ya kwanza kwamba nafasi iliyokuwa wazi ni hiyo, kwamba kazi za ofisini zina wenyewe, yaani raia, na kwamba mwaka ukigeuka atanibadilishia. Imegeuka miaka mitatu. Ufagio wa ofisi nimeushika siku moja tu, kikombe kilipovunjika. Lakini serikalini mimi ni ufagio.

Kundi la Nyambura lilikuja mwezi wa Januari. Nyambura ni Mkenya, mkuu wa maabara katika hospitali moja hapa mjini, na mumewe Cornelius ni mhandisi wa mabomba ya mafuta. Mwezi wa Mei walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na walitaka kuitimiza Ufaransa, kwenye vilima vya Bourgogne, pamoja na marafiki zao. Jumla watu wanane. Nyambura aliketi mbele yangu, akaweka mkoba wake juu ya kompyuta yangu, akanieleza anachotaka.

"Sitaki mahali pa basi kubwa," alisema. "Unashuka, unapewa kikombe cha plastiki, unasukumwa dukani. Mimi nataka mwenye shamba mwenyewe. Aniambie jina la mbwa wake."

Bi Lamya alisubiri mpaka wageni waondoke, kisha akaniita. Kwa mtu wa imani yake jambo lile lilikuwa zito, na siwezi kusema alijifanya. Alisema hawezi kuwarudisha wateja wazuri namna ile, na pia hawezi kuweka jina la ofisi ya baba yake juu ya pombe.

"Konjesta mwanangu, nyie kwenu haya hayana taabu," alisema. "Andika wewe, kwa jina lako, kwa anwani yako mwenyewe. Na utawapeleka wewe. Nani mwengine?"

Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyorudi nayo nyumbani Hail siku ile. Nilimwambia Radhia, ninayeishi naye chumba kimoja, kwamba naenda Ufaransa nikiwa kiongozi wa msafara. Radhia ni wa Tanga, anasuka nywele katika saluni ya wanawake, na huwa hafurahii jambo kabla hajaliona. Aliniuliza kama nimepewa kwa maandishi. Nikamwambia asiniharibie siku.

Nilifanya kazi ile kama mtu anayejenga nyumba yake. Wateja wengi wanadhani kuonja mvinyo ni kuingia mahali na kunywa. Nyumba kubwa zinapokea yeyote, lakini zile ndogo, zenye mtu na mkewe na mapipa thelathini chini ya nyumba, hazipokei bila miadi, na miadi inaombwa kwa barua ya adabu miezi kabla. Nilijifunza kwamba siku moja inabeba nyumba mbili, ya tatu ni fujo. Asubuhi ndiyo saa njema kwa sababu ulimi haujachoka. Kati ya kijiji na kijiji unaweka muda wa mkate na jibini, na ndoo ya kutemea si matusi, hata kama kwetu kutema ulichokaribishwa ni ugomvi wa ukoo. Niliandika barua kumi na tisa. Kifaransa changu cha mihula miwili kilikuwa kinachechemea, nikakisaidia kwa kamusi ya kwenye simu. Kila barua niliimalizia vilevile: Conjesta Kokushubira. Wa ofisi gani, sikusema. Sikuruhusiwa.

Nyumba sita zilikubali. Ya saba ndiyo niliyoitaka kuliko zote, kwa ajili ya siku yenyewe ya sherehe, Alhamisi. Ilikuwa ya mjane mmoja, Madame Odile Marchenoir, mwenye kishamba kinachozungukwa na ukuta wa mawe, na watu walioandika habari zake mtandaoni walikuwa nusu wanamsifu na nusu wanalalamika kwamba aliwafukuza. Alinijibu mistari miwili. Hapokei makundi. Makundi yananuka.

Mtu mwingine angeacha. Mimi nilikaa nikamwandikia habari za baba yangu.

Nilimwambia kwamba Ta Pius alikuwa mtengeneza rubisi kule Kamachumu. Ndizi zinaivishwa shimoni, zinamenywa, zinatiwa katika mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja, na wanaume wanazikanyaga kwa miguu pamoja na majani makavu mpaka maji yake yatoke. Kisha unatiwa mtama wa kukaanga, mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba, unaachwa. Na nilimwambia kwamba kabla mtu hajaingia mtumbwini baba alikuwa anamnusa. Alimshika kifundo cha mkono, akainama, akavuta pumzi. Ukiwa umejipaka mafuta ya dukani au umeoga kwa sabuni ya harufu, unarudi nyumbani, hata uwe mjomba wake. Alisema rubisi inasikia. Mimi mwenyewe alinirudisha nikiwa na miaka kumi na tatu, kwa sababu ya losheni niliyopewa na shangazi. Nililia njia nzima.

Safari hii jibu lilichukua siku tisa na lilikuja kurasa mbili, limeandikwa kwa mkono na kupigwa picha. Madame Odile aliniuliza mtama unakaangwa kwa muda gani. Aliuliza wanaokanyaga wanaimba au wananyamaza. Akasema baba yangu na yeye wangeelewana bila mkalimani. Mwishoni aliandika: "Njoo na watu wako wanane. Watakuwa wageni wako, si wangu. Waje bila manukato ya aina yoyote, na mdhamini wao uwe wewe. Nitaosha glasi tisa."

Nilimsomea Radhia barua ile mara mbili. Alisema huyo mama ni mkali. Kisha akasema, polepole, kwamba hajawahi kusikia mtu wa nchi hizo akimwandikia mmoja wetu namna ile.

Viza ndiyo iliyobaki. Nyambura na wenzake walipata zao bila maswali. Yangu ilihitaji barua ya mwajiri, na Bi Lamya akaniandikia barua ya mistari minne: Conjesta Kokushubira, mfanya usafi wetu, amepewa likizo ya siku kumi, atarudi kazini. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilimwomba abadilishe neno moja tu.

Alinikatalia, na sababu yake ilikuwa ya kweli. Akiandika kiongozi wa msafara ilhali bataka inasema usafi, wizara ya kazi watamwuliza kwa nini. Nilimkumbusha kwamba bataka alisema ataibadilisha. Alisema ni kweli aliahidi, na inshallah. Kisha akaniagiza nipeleke barua yake, picha, bima, na karatasi ya hoteli. Basi. Nisiongeze kitu.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu. Nilikuwa na barua rasmi ya mwaliko kutoka kwa Madame Odile, yenye saini na muhuri wa shamba lake, inayosema atampokea Bi Conjesta Kokushubira, kiongozi wa kundi la watu wanane, mjuzi wa vinywaji vya kwao. Ilikuwa karatasi ya kwanza tangu niwasili Maskati inayosema mimi ni nani. Radhia alinionya. "Shoga, ofisi za viza zipe zilichoomba, usizipe zaidi," alisema. Lakini nilipofika kwenye dirisha la maombi, na yule karani akaisoma barua ya Bi Lamya kisha akanitazama miguuni, nilifungua bahasha nikaiweka ya Madame juu yake.

Baada ya wiki tatu pasipoti ilirudi tupu. Ndani yake kulikuwa na fomu yenye visanduku, na kimoja kimetiwa alama: maelezo kuhusu madhumuni ya safari si ya kuaminika. Mtu anayefagia na mtu anayeongoza watu wanane kwenye maghala ya mvinyo hawawezi kuwa mtu mmoja. Karatasi moja ilikuwa inasema uongo, na wao wakachukua iliyokuwa na nembo ya kampuni kuwa ndiyo kweli.

"Mimi nlikwambia peleka yangu tu," alisema Bi Lamya. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapekua simu yake, na kabla sijatoka mlangoni alikuwa ameshampata mtu mwingine. Sleiman, mtoto wa kaka yake, alikuwa na viza ya Ulaya ya miaka mitano. Sleiman angewapeleka. Angewafikisha milangoni, ndani hatoingia, kwa hiyo hakuna dhambi. Mimi nimkabidhi faili.

Nilimwomba anipe nafasi niombe upya, kwa barua moja tu. Alisema tarehe ya ndoa ya watu haiahirishwi. Nilimwomba basi aniruhusu nimwandikie Madame Odile kwamba siji. Alisema hapana, bibi yule akijua atavunja miadi na wateja wataudhika. Nyambura pia asiambiwe mpaka uwanja wa ndege.

Nataka kumsema Sleiman kwa haki. Ni kijana wa miaka thelathini, anayepeleka wageni jangwani na milimani, na wageni wote wanampenda. Kanzu yake haina kunjo. Hajawahi kuniita kwa kidole. Alipokuja kuchukua faili aliniletea kibakuli cha haluwa kutoka kwa mama yake, akavuta kiti akaketi upande wangu wa dawati, sio upande wa wateja. Na alinukia udi. Wanaume wa hapa wote wananukia, ni sehemu ya kuvaa, lakini Sleiman ukimpisha kwenye ngazi harufu yake inabaki na wewe mpaka chini.

Bi Lamya alitoka chumbani kwake na kasha dogo la mbao. Ndani yake mlikuwa na vichupa vinane vya mafuta ya udi, yale ya gharama, kila kimoja kimelala kwenye kitambaa chekundu. Alimwambia Sleiman kwamba asubuhi ya Alhamisi, kabla hawajatoka hotelini, awapake wageni wote mikononi na shingoni, kisha kila mmoja ampe chupa yake.

"Hawa ni maharusi wetu," alisema. "Wendako wajuwe kama wametoka Maskati."

Ilikuwa desturi nzuri na ilitoka moyoni mwake. Nakiri hivyo.

Faili lilikuwa wazi mbele yangu. Ukurasa wake wa kwanza niliuandika mimi wiki ileile ya barua ya glasi tisa, na mstari wa kwanza wa ukurasa huo, kwa herufi nene, ulisema: Alhamisi, kwa Madame Marchenoir, mtu yeyote asiwe na manukato mwilini wala kwenye nguo. Nyambura na wenzake nilikuwa sijawaambia bado. Nilipanga kuwaambia mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, mezani, kwa sababu ukimwambia mtu jambo kama hilo Maskati atalisahau akifika Paris.

Sleiman alifunga lile kasha. Akanigeukia.

"Mimi mambo haya siyajui, Konjesta. Nisije nkatia watu aibu. Kuna jambo lolote la kujua?"

Alikuwa ananitazama usoni. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilifikiri juu ya barua ya mistari minne. Nilifikiri juu ya yeye akiingia uani kwa Madame Odile na faili langu kwapani, akikaribishwa kwa sababu ya baba yangu.

"Hakuna," nilisema. "Kila kitu kimo ndani."

Alipoinuka kwenda kumuaga shangazi yake, nilichomoa ukurasa wa kwanza, nikaukunja mara nne, nikautia kwenye mkoba wangu. Faili halikuonekana kupungua.

Siku tatu za mwanzo picha zilikuja kwenye kundi la simu: Cornelius na pipa, Nyambura na jibini, wote wanane wamekaa juu ya ukuta wa mawe kama watoto wa shule. Nyumba zile nyingine hazikuwa kali. Nyambura aliniandikia kwamba nimewatendea mema sana na kwamba kutokwenda kwangu ni hasara yao.

Alhamisi nilikuwa natazama saa tangu asubuhi. Saa nne yao ni saa sita ya huku. Simu ililia saa sita na nusu, na Nyambura aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani.

"Huyu mama ametunusa kama mbwa wa uwanja wa ndege," alisema. "Mmoja mmoja. Halafu akarudi ndani akafunga mlango. Cornelius bado amesimama hapo na maua."

Mengine alinieleza vipandevipande. Madame alikuwa amewasubiri nje, amevaa aproni safi. Sleiman alitangulia kumsalimu, akiwa ameweka mkono kifuani, na yule mama akarudi nyuma hatua mbili. Akauliza Conjesta yuko wapi. Akaambiwa hakuja. Akauliza tena. Nyambura akajaribu kumweleza, akamkaribia, na hapo ndipo Madame alipomshika kifundo cha mkono, akainama, akavuta pumzi. Alifanya hivyo kwa wote wanane. Kisha akauliza mara ya tatu Conjesta yuko wapi, na hakungoja jibu. Kupitia dirisha waliona meza ya mbao ndani, na glasi zimepangwa.

"Wewe ulijua huyu mtu yuko hivi?" Nyambura aliniuliza.

Nilimwambia mtandao unakatika.

Siku yao ya ndoa waliimalizia mahali pa basi kubwa. Palikuwa na duka. Palikuwa na vikombe vya plastiki.

Walirudi Jumapili, na Jumatatu Nyambura alikuja ofisini peke yake. Bi Lamya alimpokea kwa kahawa na tende, akampa pole ya dhati, kisha akafungua faili la ofisi mbele yake, karatasi kwa karatasi. Tiketi zilikuwa sawa. Hoteli zilikuwa sawa. Gari lilikuwa jipya. Kwenye siku ya Alhamisi paliandikwa: ziara ya shamba. Bi Lamya akasema, kwa upole uleule, kwamba ofisi iliwasafirisha na kuwalaza salama, alhamdulillahi, na kwamba hayo mengine Konjesta aliwaandalia kwa nafsi yake, kwa wema wake, na jina lililoko kwenye barua hizo ni la Konjesta.

Nyambura alinigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika.

"Kwani wewe hapa unafanya kazi gani hasa?" aliuliza.

Nilifungua mdomo, lakini Bi Lamya alinitangulia.

"Anatusaidia saidia," alisema.

Nyambura aliitazama ile birika mkononi mwangu. Akauchukua mkoba wake, akashukuru kwa kahawa, akapita pembeni yangu bila kuniaga. Kwa miezi minne mwanamke yule alikuwa ameniita mtaalamu. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi mpaka chini kwa duka la miwani.

"Afadhali jina letu halimo," alisema Bi Lamya, akafunga faili.

Sleiman alikuja jioni yake. Hakukaa. Alisimama mbele ya dawati langu, akazungusha funguo za gari kidoleni, akasema neno moja tu, tena polepole.

"Nlikuuliza, Konjesta."

Nikasema ndiyo. Akashuka ngazi. Hajamwambia shangazi yake mpaka leo. Haluwa pia hajaleta tena.

Barua ya Madame Odile ilikuja wiki iliyofuata, kwa mkono wake, picha yake imepindika kidogo. Niliifungua nikiwa kazini nikitarajia matusi, na naapa matusi ningeyapokea vizuri. Aliniomba radhi. Alisema alijua sisi tulio mbali tuna shida za kusafiri na kwamba bila shaka nilizuiwa. Alisema wageni wale walikuja wananuka kiasi kwamba alilazimika kufungua milango ya ghala siku nzima, ingawa hawakuingia. "Usijilaumu," aliandika. "Binti wa baba yule hawezi kusahau kuwaambia. Uliwaambia, na hawakusikia. Watu wa namna hiyo hawasikii. Glasi yako nimeiacha kwenye rafu, nimeipindua isiingie vumbi. Ukija peke yako nitakupokea."

Niliisoma mpaka nikaijua kwa moyo. Kwa siku mbili nilijaribu kuiacha ilivyo. Ingekuwa rahisi. Mtu mmoja duniani alikuwa ananiamini, na imani yake haikumdhuru mtu. Lakini kila nilipoandika "Asante, Madame" kidole kiligoma kutuma, kwa sababu wale watu wanane aliowadharau walikuwa hawakuambiwa, na Cornelius alisimama na maua.

Siku ya tatu nikamwandikia kweli. Sikumweleza habari za bataka wala viza wala Bi Lamya, maana nilijua zingegeuka kuwa utetezi. Niliandika kwamba sikuwaambia. Kwamba niliulizwa waziwazi kama kuna jambo la kujua, nikasema hakuna. Kwamba ukurasa wenye sharti lake niliuchomoa kwa mkono wangu na ninao. Nikamalizia kama nilivyomalizia zile zote kumi na tisa: Conjesta Kokushubira.

Hajajibu. Huu ni mwezi wa pili. Sidhani kama atajibu, na mimi katika nafasi yake nisingejibu.

Wiki iliyopita bataka yangu imetoka mpya, na kazi ni ileile. Bi Lamya ameniletea na kundi jingine, Waholanzi wanaokaa Mawaleh, hapa mjini, wanataka Bourgogne mwezi wa Oktoba. Ameuliza kama yule bibi mkali anaweza kubembelezwa. Nimesema nitaona. Nimechukua faili jipya, nikaandika juu yake: Ziara za Mashamba.

Nilikuwa bado naandika alipopita na chetezo. Moshi ulizunguka dawati, ukaingia kwenye nywele zangu, ukapanda kwenye mikono ya blauzi, kama unavyofanya kila asubuhi kwa miaka mitatu. Blauzi ile nilikuwa nimeifua jana yake, kwa maji matupu. Niliinama nikanusa kifundo cha mkono wangu. Udi. Haukuwa wa asubuhi ile, ulikuwa wa zamani, umeshazama ndani ya ngozi.

Ta Pius angenishika hapo hapo mlangoni, akavuta pumzi, akanirudisha. Na Madame Odile, hata kama viza ningepata, hata kama ningefika Alhamisi ile nikiwa mbele ya watu wangu wanane na faili langu kamili kwapani, angeanza na mimi.